Nguva na Mti wa Kaya: Hatari Moja, Kinga Mbili

Ukisimama Kizingo, kwenye bustani ya Mama Ngina, na kutazama kusini, mbele yako ni mlango wa bahari unaoingiza meli Kilindini. Ng'ambo yake ni Likoni, na baada ya Likoni inaanza pwani ya Kwale. Upande huo wa pwani una viumbe wawili wasiofanana hata kidogo, ila kwa jambo moja: wote wamebaki wachache mno. Wa kwanza ni nguva, mnyama wa baharini anayenyonyesha watoto wake. Wa pili ni mti wa msituni wenye maua makubwa meupe, ambao wataalamu wa mimea wanauita Gigasiphon macrosiphon.

Makala haya yanawaweka wawili hao bega kwa bega. Mara nyingi mkazi huambiwa "tuhifadhi mazingira", kana kwamba dawa ni moja kwa kila kiumbe. Nguva na mti huu wanaugua ugonjwa mmoja, lakini dawa zao ni mbili. Na ingawa hawaishi kisiwani kwetu, sehemu ya dawa zote mbili iko mikononi mwa watu wa Mombasa.

Nguva ni nani?

Nguva si samaki. Ana mapafu, hupumua hewa kama sisi, na kila baada ya dakika chache lazima apande juu kuvuta pumzi. Huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha. Mkubwa hufikia urefu wa mita 3 hivi na uzito wa mamia ya kilo. Jamaa zake wa karibu walio nchi kavu ni ndovu na pimbi. Nguva dume aliyekomaa huota hata pembe mbili fupi kama za ndovu.

Asichanganywe na pomboo. Pomboo hula samaki na ana pezi mgongoni. Nguva hana pezi mgongoni, mwendo wake ni wa polepole, na chakula chake kikuu ni nyasi za baharini. Nyasi hizo si mwani. Zina mizizi, majani na maua, na humea kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi yanayofikiwa na mwanga wa jua. Nguva mmoja anaweza kula kilo 30 hadi 40 za nyasi hizo kwa siku.

Wazee wa pwani wanamjua vyema. Zamani nyama yake ililiwa na mafuta yake yakatumika, na hadithi za mwanamke wa baharini zikashikamana na jina lake. Mwaka 1967 kundi la nguva wapatao 500 liliripotiwa katika bahari ya pwani ya kusini ya Kenya. Baadaye, katika uchunguzi uliofanywa kwa ndege, waliohesabiwa walikuwa 10 mwaka 1994 na 6 mwaka 1996. Hesabu ya angani huwaona tu walio karibu na uso wa maji, kwa hivyo haiwezi kuwa idadi kamili. Hata hivyo, kutoka mia tano hadi kuhesabika kwa vidole ni anguko lisilohitaji kuelezwa. Leo mwambao wa Lamu na Kiunga, wenye mashamba makubwa ya nyasi za baharini, ndio unaotajwa zaidi kama makao ya nguva waliosalia Kenya.

Mti huu ni upi?

Gigasiphon macrosiphon ni wa jamii ya kunde, jamii moja na mkwaju. Unaweza kufikia urefu wa takriban mita 20. Jina lake la kisayansi linatokana na mrija mrefu ulio chini ya ua. Nchini Kenya unajulikana katika sehemu tatu, zote Kwale: Kaya Muhaka, msitu wa Gongoni na msitu wa kilima cha Mrima. Upande wa Tanzania unapatikana katika misitu michache, ukiwemo ule wa Amani katika milima ya Usambara.

Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, pamoja na Jumuiya ya Zoolojia ya London, walitoa orodha ya spishi 100 zilizo katika hatari kubwa zaidi duniani. Mti huu ulikuwemo. Idadi iliyotajwa ilikuwa miti 33 iliyokomaa, kwa nchi zote mbili. Watu wa idadi hiyo wangeenea kwenye matatu matatu na viti vingine vibaki.

Sababu zilizotajwa ni ukataji wa mbao, kuharibika kwa msitu, mashamba kusogea ndani ya msitu, na nguruwe-mwitu wanaokula mbegu. Kwa kilima cha Mrima kuna jambo la ziada: ardhi yake ina madini ya niobiamu na madini mengine adimu yanayotafutwa duniani. Mabishano juu ya kuchimba au kutochimba yamekuwepo kwa miaka mingi.

Wanapofanana: kuzaa polepole

Tukisikia kiumbe ametoweka, tunafikiria risasi na shoka. Kwa hawa wawili, tatizo kubwa zaidi ni hesabu ya vizazi.

Nguva jike huanza kuzaa akiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 17. Hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, na baada ya kuzaa hupita miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Anaweza kuishi hadi miaka 70. Wataalamu wanakadiria kwamba hata pale ambapo kila kitu ni shwari, chakula tele na hakuna nyavu, idadi ya nguva haiwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka.

Tufanye hesabu hiyo kwa mfano. Mahali penye nguva 100, ongezeko la juu kabisa ni 5 kwa mwaka. Wakifa 6 kwenye nyavu, kundi linapungua. Mahali penye nguva 20, ongezeko ni mmoja tu. Wakifa wawili kwa mwaka, tena kwa bahati mbaya bila mtu yeyote kuwakusudia, kundi hilo linaelekea kwisha. Ndiyo maana mvuvi anaweza kusema kwa kweli kabisa, "Mimi nimemnasa mmoja tu maishani mwangu," na bado nguva wakaisha. Wavuvi ni wengi, na kila mmoja ana "mmoja tu" wake.

Mti nao una hesabu yake. Mti wa msituni huchukua miaka mingi kukomaa. Ukikomaa hutoa mbegu, lakini mbegu kubwa iliyoanguka chini ni chakula cha nguruwe na panya. Iliyoponea meno ikiota pembeni mwa msitu ulioliwa na mashamba, inakutana na jua kali, moto wa kusafishia shamba au mbuzi. Mti mkubwa unabaki umesimama, kijani na mzuri, na mpita njia haoni shida yoyote. Shida iko chini yake: hakuna watoto. Mzee akianguka, hakuna wa kushika nafasi.

Hivyo kwa nguva na kwa mti, swali la kuuliza ni lile lile. Tusiulize tu wangapi wamebaki. Tuulize wadogo wako wapi.

Wanapotofautiana

Hapa ndipo dawa zinapoachana, na tofauti kubwa ni nne.

Kwanza ni mahali. Mti hautembei. Ukishajua ulipo, unaweza kuuhesabu, kuuwekea alama na kuulinda mmoja mmoja. Nguva hana anwani. Hufuata nyasi, huvuka mipaka ya kaunti na ya nchi. Hifadhi moja ndogo haiwezi kumtosha. Anahitaji ukanda mzima wa bahari ulio salama kwa wakati mmoja.

Pili ni akiba. Mbegu ya mti inaweza kuokotwa kabla ya nguruwe kuifikia, ikapandwa kitaluni, na mche ukarudishwa msituni au ukatunzwa kwenye bustani ya mimea. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa mti msemo huo una maana kamili. Kwa nguva hakuna kitalu. Ni vigumu sana kumfuga, na hakuna njia ya kuzalisha nguva wadogo na kuwarudisha baharini. Kumwokoa ni kuwaacha hai wale walioko.

Tatu ni sauti. Nguva ana jina, ana hadithi, na kila mtoto wa pwani amemsikia. Mti huu wengi wetu mjini hatuna hata jina la kuuita. Mkata mbao anayetafuta mti mwingine anaweza kuuangusha bila kujua ameangusha mmoja kati ya 33. Kwa nguva kazi ni kubadilisha vifaa na desturi. Kwa mti kazi ya kwanza ni kuufahamu tu.

Nne ni mlinzi. Nguva analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kumuua, au kuuza nyama na viungo vyake, ni kosa lenye adhabu kali. Lakini askari hawezi kukaa baharini usiku na mchana. Mti ulio katika Kaya una mlinzi wa zamani kuliko serikali yoyote: miiko ya wazee. Katika Kaya hukati mti, huokoti kuni ovyo, wala huingii bila ruhusa. Kwa sababu ya miiko hiyo, misitu kadhaa ya Kaya za Mijikenda iliandikishwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Miiko ilipolegea, msitu ulikatwa. Iliposimama, hata miti adimu ilisimama.

Ngazi za hatari

Taarifa za uhifadhi hutumia maneno yanayofanana, na ni vyema mkazi ayatofautishe. IUCN ina ngazi tatu za hatari: kiumbe anaweza kuwa katika hatari, hatarini kutoweka, au hatarini kabisa kutoweka. Baada ya hapo ni kutoweka porini, kisha kutoweka kabisa.

Duniani kote nguva yuko kwenye ngazi ya kwanza, kwa sababu Australia na Ghuba ya Uajemi bado zina maelfu. Lakini Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa kwenye ngazi ya tatu, hatarini kabisa. Ilikadiriwa kwamba wamebaki chini ya 250 waliokomaa, na wengi wao wako Msumbiji, kwenye visiwa vya Bazaruto. Kwa hivyo mtu akikuambia nguva bado ni wengi, huenda anasema kweli kuhusu Australia. Kuhusu bahari yetu, siyo.

Mifano miwili kutoka mbali

Zamani palikuwa na jamaa mkubwa wa nguva katika Bahari ya Bering, kati ya Urusi na Marekani. Mtaalamu Georg Steller alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1741, meli yake ilipokwama huko. Mnyama huyo alikuwa mpole, mzito na rahisi kuwindwa. Wawindaji wa ngozi waliopita njia hiyo walimla safari baada ya safari, na kufikia mwaka 1768 hakuwepo tena. Ilichukua miaka 27 tu tangu kuandikwa. Leo amebaki mifupa kwenye makumbusho, na hakuna pesa inayoweza kumrudisha.

Mfano wa pili ni wa mmea. Mwaka 1895, katika msitu wa Ngoye nchini Afrika Kusini, John Medley Wood alipata mmea wa jamii ya saikadi, mimea ya kale inayofanana na mnazi mfupi. Ulikuwa dume. Mimea hii ina dume na jike mbalimbali, na tangu siku hiyo jike halijapatikana popote. Machipukizi ya dume hilo yalichukuliwa yakapandwa, na leo yanaishi katika bustani za mimea duniani, ikiwemo ya Kew, London. Mmea haujafa, lakini hauwezi kutoa mbegu hata moja.

Mifano hii inaeleza tofauti tuliyoitaja. Mnyama akipotea, amepotea. Mmea unaweza kuokolewa dakika ya mwisho, lakini ukiokolewa peke yake, bila mwenzake na bila msitu wake, unaishi kama mgonjwa asiyeruhusiwa kutoka hospitalini. Kitalu ni msaada mkubwa, ila hakichukui nafasi ya msitu.

Mombasa inahusikaje?

Mombasa ni soko. Samaki wa Kwale, Kilifi na Lamu huuzwa hapa. Mbao na makaa kutoka bara na kusini huishia hapa. Tunachokubali kununua ndicho kinacholetwa.

Mombasa pia ni mfereji. Takataka zinazotupwa kwenye mitaro ya mitaa yetu hufika baharini kwa mvua moja. Kizingo haina hata mtaro mrefu wa kuzichelewesha: chupa inayoachwa kwenye ukingo wa mwamba ni ya bahari kabla ya usiku kuingia. Maji machafu na udongo hutia bahari tope na kuzuia mwanga, na nyasi za baharini zikikosa mwanga hufa. Nyasi zikifa, anayeumia hawi nguva peke yake. Ndani ya nyasi hizo hukulia tafi, changu na kamba wadogo, yaani kitoweo cha kesho cha mkazi wa Mji wa Kale, Likoni na Tudor.

Bahari na msitu pia vimeungana. Msitu uliosimama Kwale hushika udongo mvua inaponyesha. Ukikatwa, udongo huo hubebwa na mito hadi kwenye nyasi za baharini. Anayelinda mti wa Mrima anamlindia nguva malisho, hata kama hajawahi kumwona.

Mkazi afanye nini?

Kwa wavuvi: nyavu za kutega zenye matundu makubwa, hasa jarife, ndizo hatari kubwa zaidi kwa nguva. Usizitege juu ya nyasi za baharini, na usiziache bila mtu usiku kucha. Juya limepigwa marufuku, na sababu mojawapo ni kwamba hung'oa nyasi. Ukimkuta nguva amenasa akiwa hai, la kwanza ni kumwinua kichwa ili pua zitoke majini apumue. Kata wavu bila kumvuta mkia, kisha mwachie. Akiwa amekufa, usimkate wala usimgawe. Toa taarifa kwa BMU ya bandari yako na kwa KWS, kwa sababu kila taarifa huonyesha nguva wanapita wapi.

Kwa manahodha wa boti za watalii na za usafiri: punguzeni mwendo kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi. Nguva hawezi kukwepa boti ya kasi. Msitupe nanga juu ya nyasi.

Kwa wanunuzi: ukiletewa nyama unayoambiwa ni ya nguva, kataa na utoe taarifa. Ukinunua mbao, uliza imetoka msitu gani na omba kuona kibali cha usafirishaji cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Muuzaji mwaminifu hatakasirishwa na swali hilo.

Kwa shule na vikundi vya mazingira: vitalu vyenu vipande pia miti ya asili ya pwani, pamoja na mwarobaini na miti ya mapambo. Msiingie misituni kuokota mbegu za miti adimu wenyewe. Hilo hufanywa kwa idhini ya KFS na, kwa misitu ya Kaya, wazee wenyewe. Safari ya wanafunzi kwenye Kaya, kwa ruhusa na mavazi yanayotakiwa, hufundisha mengi kuliko picha ya kitabuni.

Kwa kila nyumba: takataka zikae kwenye pipa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini chupa na vifungashio bado vinasafiri na mvua.

Kizazi kilichoona nguva 500 kwa pamoja bado kina watu hai, na baadhi yao ni majirani zetu. Kizazi kinachosoma sasa katika shule za Kizingo kitakuwa na wajukuu wakati mche uliopandwa mwaka huu umekuwa mti mkubwa na mtoto wa nguva aliyezaliwa mwaka huu ni mzee. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mti, ufa unazibwa kwa mbegu na miiko. Kwa nguva, unazibwa kwa kuondoa nyavu kwenye malisho yake, na hilo haliwezi kusubiri.